Siku Mkono wa Mama Mkwe Ulipopita Kwenye Pazia

Aibu ya ukweni haipoi, jamani. Inafunikwa majivu tu, na kila nikienda kijijini kwa mke wangu, kule upande wa Songwa, kuna mtoto mmoja ananisalimia vizuri kabisa, shikamoo baba, marahaba mwanangu, halafu ananiuliza, "Leo umekuja kukimbia tena?" Kwa hiyo nimeona bora nisimulie mwenyewe kabla Shemeji Holo, mdogo wake mke wangu, hajamaliza kuisambaza kwa nyongeza zake (kwake yeye nilikimbia peku, jambo ambalo si kweli, ni kiatu kimoja tu kilichonivuka).

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, naishi Tinde, na kazi yangu ni kupita kwa watu nikieleza magonjwa kwa lugha ambayo haimtishi mtu. Napenda kueleza, sikatai. Mke wangu, Mama Limi, anasema hata chumvi ikipungua kwenye mboga siombi chumvi, naanza kwanza kueleza chumvi inafanya nini mwilini mpaka ugali unapoa. Basi siku hiyo kulikuwa na upimaji wa presha kijijini kwao, tukapangwa wawili, mimi na nesi mmoja anaitwa Veronika, yeye apime na mimi nieleze. Ningeweza kuomba nipelekwe kijiji kingine. Sikuomba, kwa sababu Mama Limi alikuwa amenishika kanzu, kama wasemavyo.

"Mama anasema akiinama kuchota maji dunia inazunguka," aliniambia usiku wa kuamkia siku hiyo. "Kichwa kinamgonga kisogoni. Nikimwambia apimwe anakimbilia shambani. Baba Limi, mimi nilimwona mama mkubwa alivyolala miezi minne bila kusema neno. Sitaki kumwona mama hivyo."

Mama mkubwa, dada yake mama mkwe, alipata kiharusi. Upande mzima wa kulia ulilala, na mpaka anafariki hakuwahi tena kutamka jina la mtu.

Sasa, kwa asiyejua mila za huku, nieleze kidogo (nimeanza). Mkwilima, yaani mume wa binti, na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hampeani mikono, hamli pamoja, jina lake hulitaji, na mkikutana njiani mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Si chuki hata kidogo, ni heshima. Vijana wa mjini wamelegeza, ila mama mkwe wangu si wa mjini, na kwa miaka kumi na moja ya ndoa nilikuwa namjua kwa mgongo tu: khanga mbili, mwendo wa haraka, na bangili ya shaba ambayo pacha yake anaivaa mke wangu. Kwa hiyo mpango ulikuwa rahisi. Holo amlete mama yake asubuhi akimwambia anayepima ni nesi wa kike. Veronika ampime, na mimi nitakuwa nimejificha upande wa wanaume nikieleza mambo yangu.

Tulipewa baraza la ghala la pamba. Mambo yalikwenda vizuri hadi saa nne hivi, pikipiki ikaja mbio kutoka zahanati kumchukua Veronika, kuna mama amefika na uchungu na mhudumu wa huko yuko peke yake. Veronika akapanda, akasema, "Baba Limi, waambie wasubiri, narudi."

Waambie wasubiri. Maneno mawili tu, na ningewaambia, leo ningekuwa mtu mwenye heshima zake. Lakini niliitazama ile foleni ya wanawake, wengine wametoka mbali na watoto mgongoni, nikajiambia, kwani kupima si najua? Tatizo lilikuwa moja, kwamba kijiji kizima ni ukweni, na kwenye foleni ile sikosi mama wakwe wadogo na wakubwa. Hapo ndipo akili ikanijia (naiita akili kwa sababu sina jina jingine la staha). Nikaomba vitenge viwili, nikavitundika kwenye kamba katikati ya baraza, nikaacha upenyo mdogo. Nikatangaza kuwa akina mama wakae upande wa pili, wapitishe mkono tu. Mimi sitawaona, wao hawatanishika, mila imetunzwa na presha imepimwa. Nilijisifu, na nikampigia simu Mama Limi kumweleza nilivyolitatua. Akasema, "Baba Limi, heshima iko kwenye pazia?" Nikamwambia mtandao unasumbua.

Mikono ikaanza kupita. Nikawa nafunga mkanda kwenye mkono, nabonyeza kitufe, mashine inajaza hewa, naandika. Nilipofika mkono wa kumi na tano nilikuwa kama mtu anayepanga matofali, sitazami tena mkono ni wa nani. Kumbe mama mkwe alikuwa ameletwa tangu asubuhi, amekaa nyuma kabisa kwenye magunia ghalani, usingizi umempitia, hakusikia Veronika akiondoka. Holo alikuwa amerudi nyumbani kutazama maharage. Mama alipoamka wenzake wakamsogeza, "Pita mama, zamu yako," naye akakaa, akapitisha mkono akijua upande wa pili yuko nesi wa kike.

Nikafunga mkanda. Nikabonyeza. Halafu nikauliza, "Jina?" (Kosa jingine hilo, maana mtu akipimwa haongeleshwi, na mimi ndiye ninayewafundisha wengine.) Sauti ndogo ikanitajia jina. Wanawake walikuwa wanapiga soga, sikusikia vizuri, basi kama nilivyofanya kwa wote nikalirudia kwa nguvu ili nihakikishe, jina la kwanza na la baba yake, baraza zima likasikia.

Jina hilo silitaji hapa. Nimeshalitaja mara moja maishani, imetosha.

Soga ikakatika kama redio iliyoishiwa betri. Nikainua macho, nikaona bangili ya shaba, pacha ya ile ninayoiona kila siku kwenye mkono wa mke wangu akisonga ugali. Vidole vyangu bado viko kwenye kiwiko chake. Naye ameshaijua sauti yangu. Mashine, ambayo haijui ukwe wala nini, ikaendelea kubana.

"Yaya!" akalia mama, maana yake hapana, akasimama. Mkanda umemkaba, mpira umeunganishwa na mashine, mashine ikaruka kutoka mezani, ikapita kwenye upenyo, ikavuta kitenge, kamba ikakatika, na pazia zima likaanguka chini. Tukatazamana uso kwa uso kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja. Ana macho ya mke wangu. Sikuwa najua.

Akakimbia, na mashine yetu pekee inaning'inia mkononi mwake kama kuku wa sadaka.

Mtu mwenye akili angekaa chini. Mimi niliona vitu viwili kwa pamoja, foleni iliyobaki bila kipimo na mama mwenye kizunguzungu anayekimbia juani, nikaruka meza (hapo ndipo kiatu kilipobaki) nikamfuata nikipiga kelele, "Mama, usikimbie! Presha itapanda! Simama, presha itapanda!" Kadiri ninavyosema simama ndivyo anavyoongeza mwendo, na kadiri anavyoongeza mwendo ndivyo ninavyozidi kusema. Tukapita kwenye mashine ya kusaga, tukapita katikati ya mbuzi wa watu, na mzee mmoja aliyekuwa anasuka kamba akasimama, akavua kofia, akauliza kwa sauti ya msiba, "Mkwilima anamkimbiza mama mkwe wake? Wamekosana nini?"

"Anampima!" akajibu mtoto mmoja.

Mama akaingia nyumbani kwake, komeo likalia. Nikafika mlangoni nahema. Kubisha siwezi, kuingia ndiyo kabisa. Nikageuka nikakaa chini, mgongo umeegemea mlango, uso uwanjani, na hapo nikaona jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka sijui nicheke au nilie. Foleni nzima ilikuwa imehama. Wanawake wote walikuja na watoto wao, wakakaa uwanjani pale, kila mmoja nyuma ya yule aliyemtangulia, kwa zamu zao. Holo naye akatokea jikoni na mwiko mkononi.

"Shemeji," akasema, "mahari ulimaliza kutoa, sasa unafuata nini tena hapa?"

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nasikiliza ndani. Nilisikia pumzi za mama, fupifupi, halafu ile mashine ikapiga mlio wake wa kuonyesha imeshindwa kusoma. Nikaogopa kweli. Nikaacha kuona aibu, maana hofu na aibu havikai kigoda kimoja. Nilitaka kumwambia neno, ila kumsemesha moja kwa moja siwezi. Nikakumbuka wazee wanavyofanya, mtu usiyeweza kumsemesha unampitishia ujumbe kwa mwingine, na aliyekuwa karibu nami kuliko wote alikuwa mlango.

"Mlango," nikasema, "mwambie mama mkanda umeshalegea wenyewe, hauwezi kumuumiza. Muulize, uso wake au mkono au mguu wa upande mmoja umekufa ganzi? Anaona vizuri? Kifua kinauma?"

Hata Holo akashusha mwiko. Halafu sauti ikatoka, ndogo, "Mlango, mwambie mkwilima hapana. Nimechoka tu. Na nina aibu."

"Mlango, mwambie mama hata mimi."

Nikamwomba mlango amwambie akae kwenye kiti chenye egemeo, miguu yote chini bila kukunja nne (nyuma yangu, samahani, mbele yangu uwanjani, nikaona miguu ya foleni nzima inashuka chini kwa pamoja), mkono uwe mezani usawa wa moyo, asiseme kitu, apumue tu. Halafu abonyeze kitufe kikubwa yeye mwenyewe.

"Mlango, mwambie mkwilima sibonyezi," akasema. "Dada yangu alipimwa Jumatatu akaambiwa ana presha. Alhamisi akaanguka. Asingepimwa asingeanguka."

Kumbe hicho ndicho kilichokuwa kinampeleka shambani kila akiambiwa habari ya kipimo. Si ubishi, ni mtu aliyemzika dada yake. Nikaikumbuka mizani ya pamba. Pamba yake mwenyewe mama huwa anaisimamia kwenye mizani, anasoma namba haraka kuliko karani ingawa herufi hazijui, na hakuna anayeweza kumpunja.

"Mlango, muulize mama, gunia likiwekwa kwenye mzani, ni mzani unaoongeza pamba?"

"...Hapana."

"Basi na hiki ni mzani. Presha ya mama mkubwa ilikuwepo siku nyingi kabla ya Jumatatu. Kipimo kiliikuta tu, tena kwa kuchelewa."

Nikaeleza. Nilikuwa mchimbaji kabla sijawa hivi, nilikaa machimbo ya upande wa Katoro miaka mitano nikisimamia pampu ya kutoa maji kwenye duara, yaani shimo la dhahabu. Nikamwambia mlango, moyo ni pampu na mishipa ni mipira ya maji. Namba ya juu ni nguvu ya maji pampu inaposukuma, namba ya chini ni nguvu inayobaki pampu ikipumzika. Mpira ukisukumwa kwa nguvu kupita kiasi kila siku, mwezi baada ya mwezi, kwa nje unauona mzima kabisa, haulii, hauvuji, ila ndani unachakaa, mpaka siku moja unapasuka au unaziba. Ukipasuka au kuziba kichwani, sehemu ile ya ubongo inakosa damu, na ndicho kiharusi. Ndiyo maana watu wengi wenye presha hawahisi chochote, wala usisubiri kuumwa ndipo ukapime. Tulipoona pampu inasukuma kupita kiasi hatukuikimbia, tulipunguza mafuta. Hiyo ndiyo kazi ya dawa za presha, kila siku, hata siku unayojisikia vizuri. Hasa siku unayojisikia vizuri.

"Mlango, muulize mkwilima," mama akasema, "kwa nini aliacha dhahabu?"

Hilo sikuwa nimelitarajia. Hata Mama Limi nilimwambia nusu nusu tu. Nilitazama vumbi la uwanja, nikasema, "Mlango, mwambie mama baba yangu hakupimwa hata siku moja. Nilikuwa namtumia hela ya mbolea, hela ya bati, hela ya kila kitu, sikuwahi kumwambia baba nenda kapime, sikujua. Alianguka akichunga ng'ombe. Simu ilinikuta nimetoka kwenye duara nina tope mpaka machoni, na nilipofika nyumbani alinitazama, akataka kusema kitu, ulimi ukakataa. Sijui alitaka kusema nini. Nimebaki nikieleza watu wengine yale ambayo sikumweleza yeye."

Uwanjani mtoto mmoja alikuwa ananyonya kwa sauti. Nyuma ya mgongo wangu nikasikia kiti kikivutwa, kikaja karibu, kikaegemea mlango upande wa pili. Halafu nikasikia kitufe. Tii. Mashine ikaanza kujaza hewa. Hakuna aliyesema neno, walikuwa wameshafundishwa.

"Moja, tisa, mbili," mama akasoma. "Chini yake moja, sifuri, nane."

Holo alinitazama usoni, nikajitahidi uso wangu usiseme kitu. "Mlango, mwambie mama hiyo ina mbio ndani yake, ina mbuzi na ina mkwilima. Mtu akiogopa au akikimbia namba inapanda, na wengine inapanda kwa kumwona tu mtu wa kipimo. Kipimo kimoja si hukumu. Apumzike, apime tena."

Tukasubiri. Mara ya pili ilikuwa mia moja sabini na nane kwa mia moja na mbili. Tukasubiri tena, mgongo wangu mlangoni, mgongo wake mlangoni, nusu inchi ya mbao katikati yetu, na nakumbuka niliwaza kwamba hatujawahi kukaa pamoja muda mrefu hivyo. Mara ya tatu, mia moja sabini na nne kwa mia moja. Ilikuwa inashuka kwa kusuasua, ikagoma. Hofu ilikuwa imetoka, na iliyobaki ilikuwa presha yenyewe.

Ningeweza kupamba. Nikasema, "Mlango, mwambie mama iko juu. Ikifika mia moja arobaini kwa tisini, na ikarudia hivyo siku tofauti, tunasema mtu ana presha. Yake imepita mbali, na ana kizunguzungu, kwa hiyo asisubiri siku nyingine, aende zahanati leo hii. Ila mwambie tumeikuta mapema. Mpira bado mzima. Mwambie nataka mjukuu wake Limi awe na bibi anayesema."

Nilisikia komeo. Mlango ukafunguka kiasi cha kiganja, nikaruka mbali na kuinamisha uso kama inavyopasa, mkono wenye bangili ukatoka, ukaweka mashine juu ya kigoda cha nje, mkanda umekunjwa vizuri, umefungwa kwa khanga. Mkono ukarudi. Sauti ikasema, "Mlango, mwambie mkwilima ameshanishika na jina ameshalitaja. Kuna mbuzi wa faini hapo. Awe jike, mwenye maziwa."

Uwanja mzima ukapiga vigelegele, na Holo akaongeza kuwa kuna mbuzi wa pili, wa fidia yake yeye, shemeji aliyeunguza maharage akishangaa mambo ya watu.

Veronika alirudi mchana (mtoto alizaliwa salama, wa kike), akampeleka mama zahanati kwa pikipiki mimi nikiwa nimejificha nyuma ya ghala, akapimwa tena, na yule mhudumu wa huko alipojiridhisha akamwanzishia vidonge na kumpangia siku za kurudi. Nilibaki na ile foleni mpaka Veronika aliporudi tena kutoka zahanati. Niliwaambia wasubiri. Kumbe ni rahisi hivyo. Jioni nikampigia Mama Limi nimweleze, akasema ameshapigiwa na watu saba, akacheka mpaka simu ikaanguka, na alipoiokota alikuwa analia. "Asante," akasema.

Mbuzi nililipa, jike, mwenye maziwa. Na niliapa, naapa tena hapa mbele yenu, sitafunga tena mkanda kwenye mkono ambao sijatazama uso wa mwenyewe, hata kama uso huo hairuhusiwi niutazame, maana kama hairuhusiwi basi si mimi wa kumpima. Pazia linaficha macho tu. Heshima yenyewe ilinisubiri pale mlangoni.

Tulimnunulia mama kipimo chake. Anajipima mwenyewe, miguu chini, kimya. Nikienda kumsalimia naye akiniona kwa mbali, anaingia ndani na kufunga, mimi nakaa palepale pangu na kuegemea mbao. Juu ya mlango kwa nje kuna namba zimeandikwa kwa mkaa, mbili mbili, za wiki nzima, na kando ya kila siku kimstari kimoja cha kidonge. Mara ya mwisho nilisoma mia moja thelathini na nne kwa themanini na mbili, na vimistari saba, hakuna hata kimoja kilichoruka.

"Mlango," nikasema, "mwambie mama amefanya vizuri."

Nikasikia kiti kikivutwa, kikasogea karibu.

"Mlango, muulize mkwilima," sauti ikasema, "yeye lini amejipima?"

Nikajikuna kichwa. Chini ya mlango, kwenye nafasi iliyoliwa na mchwa, kipimo kikasukumwa nje, mkanda umekunjwa vizuri, ndani ya khanga.